Tuonyesheni Karatasi ya Mnada

Karibu kila Harrier, X-Trail, RAV4, Vanguard au Forester unayoiona imepangwa yadi, kuanzia Kinondoni mpaka Ngong Road kule Nairobi, ina historia iliyoandikwa. Haikuandikwa na muuzaji. Iliandikwa Japani, na mtu ambaye hakuwa na faida yoyote ya kupata kwa kulisifia gari wala kuliponda. Kisha gari likapakiwa melini, likavuka bahari, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, likafika mbele ya mzazi aliyejinyima miaka mingi ili familia yake ipate usafiri wa heshima. Karatasi haikufika. Haikudondoka baharini. Kuna mtu aliamua mnunuzi asiione, na uamuzi huo unarudiwa gari baada ya gari huku sisi tumenyamaza, tukidhani ndivyo biashara inavyokwenda.

Naizungumzia karatasi ya mnada. Wengi walionunua gari mara mbili au mara tatu hawajawahi kuishika, kwa hiyo acha niieleze.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kwetu hutoka kwenye minada ya Japani. Mmoja wa mikubwa kabisa, USS Tokyo, uko Noda katika mkoa wa Chiba na hufanyika kila Alhamisi. Kwa siku moja hupita maelfu ya magari. Anayeshindania pale hana muda wa kufungua kila boneti, ndiyo maana mnada una wakaguzi wake. Mkaguzi hulizunguka gari, huchungulia uvunguni, huinua zulia la buti, husoma kilomita, halafu huandika. Gari zima hupewa daraja: 5 na 4.5 ni safi sana, 4 ni zuri, 3.5 limechakaa kiasi, na kuanzia 3 kushuka lifikirie mara mbili. Ukiona R au RA, ujue liliwahi kuumia likatengenezwa. Ndani hupewa herufi yake, kuanzia A. Kisha upo mchoro wa bodi iliyotandazwa, na juu yake alama ndogo ndogo: A ni mchubuko, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi upya, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lililowahi kuingia maji ya mafuriko huandikwa hivyo. Lenye mita ya kilomita iliyobadilishwa au inayotiliwa shaka nalo huandikwa, kwa sababu minada ile hutunza kumbukumbu za pamoja za kilomita, na gari likirudi mnadani likiwa na namba ndogo kuliko ya mwanzo linaumbuka palepale.

Mfanyabiashara wetu, au wakala wake, huisoma karatasi hiyo kabla ya kuweka dau. Ndiyo inayomwambia atoe kiasi gani. Akipata RAV4 ya RA kwa bei ya chini, anajua kwa nini ni ya chini. Kila mkono uliolipitisha gari umeisoma historia yake, isipokuwa mkono mmoja tu: wa yule anayelipa bei ya mwisho na kupakia watoto ndani. Huo ni wizi. Haukuvunja kufuli wala kushika panga, lakini umechukua kitu chenye thamani kutoka kwa mtu bila ridhaa yake, na umekichukua makusudi.

Badala ya karatasi, mnunuzi huonyeshwa mwanga. Bodi imepigwa polishi mpaka unajiona sura. Tairi zimepakwa dawa. Injini imeoshwa kwa presha hadi huwezi kujua oili ilikuwa ikivujia wapi. Viti vimevalishwa makava mapya, rimu kubwa zimefungwa ambazo hazikutoka na gari kiwandani, na maneno yanamiminika: gari haijaguswa, injini haijafunguliwa, Japani ilikuwa ya bibi mmoja alikuwa anaendea sokoni tu, ukichelewa mpaka jioni huikuti. Kila mtu mjini ameyasikia maneno haya na kila mtu anajua hayana ushahidi. Bado yanauza magari, kwa sababu hakuna kingine kilichowekwa mezani.

Kwa magari yaliyokwisha kutembea nchini, Watanzania tumejitengenezea upofu wetu wenyewe. Tunaulizana herufi. Ni namba C hiyo? Ni D? Lo, ni E! Na bei inapanda kwa herufi, kana kwamba kibati cha nyuma kinajua lolote kuhusu chuma kilichokibeba. Namba hutolewa gari linaposajiliwa Tanzania. Harrier iliyotoka kiwandani mwaka 2005, ikakanyaga theluji yenye chumvi Hokkaido zaidi ya miaka kumi na tano, ikafika bandarini juzi, itapewa herufi mpya sawa na ile ya 2018. Madalali wanalijua hilo vizuri sana. Wanakuuzia tarehe ya kushuka melini kama vile ni tarehe ya kuzaliwa, nawe unaenda nyumbani umefurahi. Ukitaka umri wa kweli, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho usome kitambulisho kilichoshonwa chini yake. Mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Soma alama kwenye kona za vioo. Kioo kimoja kikiwa na alama tofauti na vingine vyote, uliza kilivunjikaje.

Kilomita ndizo zinazonichoma zaidi. Gari lenye 146,000 linaingia kwa fundi wa mita asubuhi, linatoka mchana likiwa na 68,000, na kuanzia hapo kila uamuzi atakaofanya mwenye gari utakuwa umejengwa juu ya uongo: lini abadilishe mkanda wa fani, lini abadilishe maji ya rejeta, lini amwage oili ya giaboksi, kama aende nalo Bukoba au apande basi. Anayerudisha kilomita haibi fedha peke yake. Anafuta ratiba ya matunzo ya mashine itakayobeba watu kwa kasi ya 100 kwa saa.

Na ukweli huwa umeandikwa sehemu nyingi ndani ya gari hilohilo. Mafundi wa Japani wana tabia ya kubandika stika ndogo kila wanapobadilisha oili au mkanda, kwenye ukingo wa mlango wa dereva au ndani ya boneti, yenye tarehe na kilomita. Miaka yao mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme: Heisei 28 ni 2016, unajumlisha 1988, Reiwa 3 ni 2021, unajumlisha 2018. Cheti cha Kijapani cha kulitoa gari nchini mwao nacho kina sehemu ya kilomita. Ukikuta stika ya 2016 inasema 112,000 na dashibodi leo inasema 71,000, huhitaji kuwa mpelelezi. Ukikuta mahali stika ilipokuwa pamebanduliwa na gundi bado inanata, umeshajibiwa. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma na usukani uliolainika kwa viganja havijawahi kutokea kwenye gari la kilomita 60,000.

Mtu atasema, gari ni gari, bora litembee. Hapana. Magari ya familia ya ukubwa huu, haya ya viti vitano hadi saba tuliyoyapenda kwa sababu yameinuka kidogo na yanamudu barabara ya vumbi ya kwenda kijijini, kila moja lina ugonjwa wake unaojulikana, na ugonjwa huo unategemea lilivyotunzwa huko lilikotoka.

Chukua X-Trail. Ile ya pili, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2013, na iliyoifuata, nyingi zina giaboksi ya CVT, yaani mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Giaboksi hii inaishi kwa oili yake maalumu: NS-2 kwa ile ya mwanzo, NS-3 kwa iliyofuata. Ikitiwa haidroliki nyekundu ya kawaida, ambayo gereji nyingi za mtaani huimimina bila kuuliza, mkanda unaanza kuteleza na gari linatetemeka ukiondoka kwenye taa. Nissan yenyewe, kule Marekani, ililazimika kuongeza dhamana ya giaboksi za CVT za magari ya 2003 hadi 2010, ikiwemo Rogue ambayo ni ndugu wa damu wa X-Trail, hadi miaka 10 au maili 120,000. Mtengenezaji alikiri kwa vitendo kwamba sehemu hii inahitaji uangalizi. Siiti X-Trail kimeo. Iliyotunzwa ni gari zuri la familia, pana, tulivu, na bei yake ni ya kibinadamu. Lakini iliyotunzwa na isiyotunzwa ukiziosha zinafanana, na kinachozitenganisha ni karatasi.

Namfahamu mwalimu wa sekondari aliyekopa SACCOS akanunua moja yenye mita inayosoma chini ya 80,000. Giaboksi ilikufa njiani kwenda Tanga msibani, mke na watoto wakiwa ndani, usiku. Fundi alipofungua alikuta stika imejificha nyuma ya kifuniko: kilomita zilikuwa zimeshapita 130,000 miaka kadhaa kabla ya gari kuondoka Japani. Yadi iliyomuuzia ilimwambia gari likishatoka getini si lao tena. Makato ya mkopo yanaendelea kila mwisho wa mwezi. Naomba anayetetea biashara hii aniambie mwalimu yule alikosea wapi. Alikagua bodi, aliendesha, alikuja na fundi. Alinyimwa kitu kimoja tu ambacho hakuwa na namna ya kujua kwamba kipo.

Harrier, Vanguard, Kluger na RAV4 zenye injini ya 2.4, ile inayoitwa 2AZ, nazo zina mambo yao. Katika zile za miaka ya mwanzo, nyuzi za bolti za silinda hedi upande wa nyuma ya injini huweza kung'oka kwenye bloku ya aluminiamu, maji ya rejeta yakawa yanavuja mahali usipopaona, hadi siku injini inapochemka kwenye mlima wa Kitonga. Katika zile za baadaye, ringi za oili huziba na injini ikaanza kunywa oili kimya kimya. Aliyekuwa akibadilisha oili kwa wakati Japani alijikinga na mengi ya hayo. Asiyebadilisha alituachia sisi. Nairobi wamezipenda Mazda CX-5 za dizeli kwa nguvu na unafuu wa mafuta, lakini kichujio chake cha moshi kinataka safari ndefu ili kijiunguze masizi, na gari lililozoea kupeleka watoto shule na kurudi linakiziba. Haya si mambo ya siri. Yapo kwenye vitabu vya watengenezaji. Muuzaji anayajua kuliko mimi.

Lakini mambo ya giaboksi na injini yanaishia kwenye mfuko. Lipo jingine linaloishia kwenye shingo ya mtu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa kwenye magari ya karibu kila chapa tunayoipenda. Ndani ya usukani na ndani ya dashibodi upande wa abiria kuna kopo la chuma lenye kemikali inayoungua kwa kasi gari likigongwa, ili mfuko ujae hewa kabla kichwa hakijafika kwenye kioo. Takata walitumia amonia naitreti, na katika makopo mengi hawakuweka kitu cha kunyonya unyevu. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, ikipata moto mchana na kupoa usiku, inaharibika. Siku ya ajali haiungui, inalipuka. Kopo linapasuka na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa vikamfuata dereva usoni na shingoni. Marekani pekee imethibitisha vifo zaidi ya 20, na makopo yaliyoamriwa kurudishwa huko yalifikia takriban milioni 67. Malaysia, nchi ya joto na mvua kama pwani yetu, nayo imezika watu kadhaa, baadhi yao katika ajali ndogo ambazo mtu alipaswa kushuka na kuanza kubishana na aliyemgonga. Takata ilifilisika mwaka 2017.

Wamarekani walipopanga nani abadilishiwe kwanza, waliweka mbele majimbo ya joto na unyevu: Florida, Texas, Hawaii, na kisiwa cha Puerto Rico. Soma tena majina hayo, kisha fikiria Dar es Salaam mwezi Februari. Fikiria Tanga, Zanzibar, Mombasa, Mtwara. Gari limeegeshwa juani tangu saa mbili asubuhi mbele ya ofisi, madirisha yamefungwa, hewa ya bahari imeloa, na hali hiyo ni kila siku kwa miaka kumi. Kama yapo mazingira ya kulifanya kopo la Takata liive, ni haya yetu. Na magari yaliyoitwa na watengenezaji ili kopo libadilishwe ni pamoja na Honda CR-V, X-Trail ya kizazi cha kwanza, RAV4 na Forester, yaani magari haya haya tunayoyaita ya familia.

Japani ililichukulia jambo hili kwa uzito. Kule gari la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza na kila miaka miwili baada ya hapo, na kuanzia Mei 2018 gari lenye kopo hatari la Takata ambalo halijabadilishwa halipiti ukaguzi. Kwao haliruhusiwi kuendelea barabarani. Kwetu linaweza kushushwa bandarini, kulipiwa ushuru, kupewa namba, kubarikiwa na mchungaji au kusomewa dua, na kumpeleka mtoto shule, bila mnunuzi kuambiwa neno. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za mtandao ambapo unaingiza namba ya chasesi na jibu linakuja: gari hili limeitwa au halikuitwa, limerekebishwa au bado. Kuangalia hakulipiwi. Ni dakika mbili. Muuzaji ambaye hana dakika mbili za kujua kama usukani anaouza unaweza kumuua mama wa watu hastahili leseni ya kuuza hata baiskeli.

Sasa niwageukie wenye dola.

Harrier ya 2.4 iliyozidi miaka kumi, ikifika bandari ya Dar es Salaam, hupigiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Inaongezwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini imezidi cc 2,000. Inaongezwa asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee. Juu ya rundo hilo lote inakaa VAT ya asilimia 18. Mamlaka ya Mapato ina mfumo wa kukadiria thamani ya gari lililotumika kwa aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini. Namba ya chasesi inasomwa, inaandikwa, inahakikiwa. Dola inalijua gari hilo hadi shilingi ya mwisho. Hainikasirishi kwamba inatoza kodi. Inanikasirisha kwamba, ikiwa imeishika namba ya chasesi mkononi, haimwambii mwananchi kama chasesi hiyo imeitwa na mtengenezaji kwa hatari ya kifo.

Tusiambiwe haiwezekani. Leo hii ukitaka kujua kama gari linadaiwa faini ya trafiki, unaingiza namba yake kwenye mfumo wa Polisi, deni lote linatokea na tarehe zake. Kenya mnunuzi anafanya upekuzi kwa NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, akajua gari ni la nani na kama benki imelishika. Tumejenga mifumo ya kulinda mapato ya serikali na mikopo ya benki. Mfumo wa kulinda shingo ya dereva haujajengwa, na haujajengwa kwa sababu hakuna aliyeudai kwa sauti.

Badala yake nchi zetu zimejifunza kuuliza swali moja tu: gari lina umri gani? Kenya hairuhusu lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi kumi na tano. Tanzania inatoza uzee. Umri una maana yake, sibishi, lakini umri bila historia unamdanganya mnunuzi. RAV4 ya miaka kumi na miwili yenye daraja la 4.5, ya mmiliki mmoja, stika za oili zimejipanga mlangoni, ni salama mara nyingi kuliko ya miaka sita yenye RA ambayo fremu yake ilinyooshwa. Sheria zetu zinaikubali ya pili kwa mikono miwili na kuiadhibu ya kwanza. Hata ukaguzi wa ubora unaofanyika kabla au baada ya gari kusafirishwa unaangalia kama linafaa barabarani siku hiyo: breki, taa, tairi, moshi. Ni ukaguzi muhimu. Haumwambii mama wa Temeke kwamba lilizama Nagoya.

Nimesikia majibu ya wauzaji. La kwanza, karatasi ni ya Kijapani, wateja hawataielewa. Daraja ni tarakimu. Alama za bodi ni herufi za Kirumi. Maneno machache yaliyobaki simu ya mkononi inayatafsiri kwa kupigwa picha. Watanzania wamejifunza kusoma fomu za bima zilizoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Hawatashindwa na RA. La pili, tukionyesha karatasi bei zitapanda. Za magari mazuri zitapanda, na ndivyo inavyostahili, maana kwa sasa aliyeleta gari safi anashindana na aliyeleta gofu lililopigwa rangi, na wote wanauza bei moja. Za magari mabovu zitaanguka, na atakayenunua bovu atalinunua akijua, akiwa na bajeti ya fundi. Anayeumia hapo ni mmoja tu, aliyekuwa akila tofauti. La tatu, mnunuzi naye awe makini. Awe makini na nini? Umakini wa mtu uliyemfunga macho haumfikishi popote; huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia na bado analaumiwa kwa rangi ya mbuzi.

Wapo wauzaji wanaoibandika karatasi kwenye kioo cha mbele, na wapo mawakala wanaoituma kwa mteja kabla hajalipa. Nawaheshimu. Wanathibitisha kwamba jambo hili linawezekana, na hawafilisiki. Kila mnunuzi anayewapita kwenda kwa jirani kwa sababu ya tofauti ya laki tano anasaidia kuwamaliza.

Maana nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Tunamwita fundi baada ya kununua. Tunaona haya kuomba karatasi kwa sababu muuzaji ametuita shemeji na kutuletea soda. Tunatumia mwezi mzima kuchagua rangi na dakika kumi kulala chini kutazama uvungu, au hatulali kabisa kwa kuogopa kuchafua shati. Gari linapimwa kwa kompyuta baada ya taa ya injini kuwaka, wakati kipimo hicho kabla ya kulipa ni bei ndogo mno ukilinganisha na tairi moja. Mtu anayenunua kiwanja anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anauliza majirani, anatafuta hati. Gari la thamani hiyohiyo analinunua kwa neno la dalali aliyekutana naye Jumanne.

Sheria tunazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo mlinzi wake. Kuuza gari lenye mita iliyorudishwa ni kumpotosha mlaji. Hakuna tafsiri nyingine. Kuficha karatasi inayosema gari lilivunjika fremu ni kumpotosha mlaji. Tume iingie yadi. Ichukue namba za chasesi za magari yaliyopangwa pale, izilinganishe na kumbukumbu za minada, ambazo zipo na zinauzwa kwa ada ndogo kwa yeyote mwenye namba ya chasesi, kisha ifikishe mahakamani wale ambao kilomita zao zimepungua baharini. Kesi tano zilizotangazwa zitafanya kazi kuliko semina mia za elimu kwa mlaji.

Na usajili ubadilike. Gari lililotumika likiingia nchini, karatasi yake ya mnada na kilomita zilizo kwenye cheti cha Kijapani ziingizwe kwenye mfumo siku ileile linapolipiwa ushuru, zikae pale maisha yake yote, na yeyote mwenye namba ya gari azione kwenye simu kama anavyoona faini. Gari lisilopitia mnada lije na kumbukumbu nyingine ya kilomita, au lisajiliwe likiwa na maneno "kilomita hazijathibitishwa" kwenye kadi. Muuzaji wa pili na wa tatu watakuta ukweli umewatangulia. Yule wa kurudisha mita atakosa kazi, maana namba ya kwanza itakuwa nje ya mikono yake.

Ya mifuko ya hewa hayasubiri sheria mpya. Waliotengeneza magari haya bado wapo na wanaendelea kuuza. Wana mawakala wenye majengo ya vioo Dar es Salaam na Nairobi. Gari halikuacha kuwa la kwao kwa kuwa lilinunuliwa mnadani na kuvuka bahari. Kopo ni lilelile, na kasoro waliikiri wenyewe. Serikali iwaite, iwakabidhi orodha ya namba za chasesi zilizosajiliwa, iwaambie wabadilishe bila malipo kila kopo lililoitwa, gari liwe limenunuliwa kwao au yadi ya Mwenge, waanze na Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar, na iwape tarehe ya mwisho.